Tambi Nilizozisonga

Tangu tumzike mume wangu, mama mkwe alikuwa akichukua sahani yake jioni na kwenda kula peke yake nyumbani kwake, ng'ambo ya uwanja wetu. Asubuhi nilikuta chakula kimeguswa pembeni tu, nikawamwagia kuku. Sikujua nimwambie nini. Mimi mwenyewe nilikula kwa sababu shamba lilinisubiri.

Kisha binti yangu akaja likizo. Anafanya kazi jikoni katika kambi ya watalii huko Serengeti, na alitaka tutengeneze tambi kwa mkono. Nikamwuliza kwa nini tusinunue za pakiti. Akasema hizo na hizi si ndugu.

Tulivunja mayai ya kuku wetu katikati ya unga wa ngano. Nilitaka kutia maji na mafuta kama ya chapati, akanizuia. Donge lilikuwa gumu. Nililikanda mpaka jasho likanitoka, na sitaficha, nilifurahi. Tukalisukuma kwa chupa ya soda, tukalikata nyembamba kwa kisu, tukazitundika tambi kwenye mpini wa jembe tulioulaza juu ya viti viwili.

Mama mkwe alipita, akasimama.

"Mnaanika kamba za kufungia ndama?"

Mjukuu wake akamwambia ni chakula. Akaguna, lakini hakuondoka. Alivuta kigoda akakaa.

Rojo la nyanya lilikuwa tayari. Maji yalipochemka, binti alitumbukiza nusu ya tambi, akaniambia niangalie zisishikane wakati yeye anaosha sinia nje. Niliangalia. Zilipoanza kushikana nikaona maji yamezidi, nikayapunguza, nikachukua mwiko. Baada ya hapo mikono ilifanya ilichozoea. Nilibana sufuria, nikasonga kwa nguvu zote, nikageuza, nikalainisha juu.

Binti aliporudi, akachungulia sufuria, kisha akaniangalia mimi. Ulikuwa ugali kamili, wa njano. Nikakumbuka yale mayai.

Ndipo nikaona mabega ya mama mkwe yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu alijua kuoa," alisema. "Hata kamba za ndama huyu anazisonga."

Tangu mazishi hakuwa amemtaja mwanawe. Akaendelea: "Haya, leteni maji ninawe."

Akanawa, akakata tonge, akalichovya kwenye rojo la nyanya, akatafuna taratibu huku tukimtazama. Akakata lingine. Tulikula watatu kwenye sinia moja, na ukoko aliukwangua yeye.

Alipoinuka aliangalia zile tambi zilizobaki kwenye mpini wa jembe.

"Hizo tupikie kesho," alimwambia mjukuu wake. "Na mama yako asishike mwiko."