Pikipiki Iliyokataa Kuzimika

Laki mbili na themanini, nimehesabu mara mbili, ukiacha soda ya fundi. Ndiyo iliyoniishia kwenye pikipiki ya marehemu babu tangu niiteremshe kutoka Gonja hadi kwangu Same. Juzi ilipowaka, harufu ya petroli na masizi ilinirudisha uani kwa bibi, alasiri moja ya ukungu nikiwa mtoto, babu akiwa ameshazikwa.

Baba alikuwa akiitengeneza ili aiuze. Ilipowaka tulishangilia. Akazima, akachomoa ufunguo, nayo ikaendelea kukohoa taratibu, kama mzee anayetafuta viatu.

Bibi akatoka jikoni na unga mikononi. "Mwenyewe mmemwomba?"

"Mama, hii ni injini tu."

"Haya, izime basi."

Baba alishindwa. Bibi akanigeukia. "Msalimie babu yako."

"Shikamoo, babu."

Ikanyamaza hapo hapo. Nilisubiri marahaba mpaka giza likaingia. Baba hakuiuza tena.

Sasa najua masizi yakishika moto ndani ya injini huendelea kuunguza petroli bila ufunguo. Nimeyakwangua yote kwa mkono wangu, lakini jana nilichomoa ufunguo na bado ikakohoa. Mteja anakuja Jumamosi na bei nzuri. Ndugu zangu, nishaurini: niuze, au kwanza nipande Gonja nikamwombe babu kaburini?