Mita Nilizozipima Ibaba

Nilikuwa bwana shamba wa kata huko Ibaba, tena mjuaji. Halmashauri ilikuwa na mradi wa kuhifadhi ardhi, na mafanikio yake yalipimwa kwa mita: wakulima wamechimba mita ngapi za makinga maji, ile mitaro ya kukata mteremko. Basi. Kama udongo umebaki au umeondoka, fomu haikuuliza, na mimi sikuiuliza fomu.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mwenye shamba moja tu, mteremkoni juu ya kijito. Mahindi na maharage ya hapo ndiyo yaliyomlisha yeye na wajukuu wake watatu. Katikati ya shamba alikuwa na ukanda wa majani marefu, upana wa hatua mbili hivi, aliorithi kwa mama mkwe wake. Kila alipolima, mabua na magugu aliyalaza juu ya majani yale, na udongo ulijikusanya hapo miaka na miaka.

Mimi niliona pori. Tena lilikaa palepale nilipotaka mtaro upite.

"Mama, haya yang'olewe," nikamwambia.

"Bwana shamba, ndiyo yanayoshika udongo," akajibu taratibu. "Mama mkwe aliniusia, siku nikiyagusa nitavuna mawe."

Nikacheka! Jamani, nilimcheka mtu wa umri wa mama yangu mzazi. Nikamwambia mambo ya kale yamepitwa, na kwamba wataalamu wamesema. Ukweli ni kwamba ripoti ilitakiwa Ijumaa na fomu haikuwa na safu ya majani.

Akakubali kwa heshima. Akapika pombe ya ulezi, kama ilivyo desturi ya kuita majirani kwenye kazi, wakaja na majembe. Kufika jioni majani yalikuwa yameng'olewa na mtaro umechimbwa. Nikavuta futi kamba, nikaandika mita zangu, nikanywa na mimi.

Mvua za Machi zilijaza mtaro ule mchana mmoja tu. Ukapasuka katikati, maji yakashuka na udongo wote wa chini. Nilipofika asubuhi, kulikuwa na korongo la kumfika mtu kiunoni, na mawe. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye niliyekataa kusikia, lakini guu lililovunjika lilikuwa lake. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Ningeweza kuandika kwa mkuu wangu kwamba zile mita zifutwe. Niliogopa. Baadaye nikahamishiwa Tunduma, nikanyamaza miaka yote hiyo.

Mwaka jana nikarudi Ibaba kumwomba radhi. Nikamkuta analima kibarua kwenye shamba la jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza kila kitu, hata lile la aibu zaidi: kwamba ofisini shamba lake halijawahi kufutwa kwenye orodha ya yaliyohifadhiwa. Akaegemea jembe, akanitazama.

"Kwa hiyo kwenye karatasi zenu bado lipo?"

"Lipo, mama."

"Basi niletee hiyo karatasi," akasema, "nipande maharage."

Hakuwa anatania. Akainama, akaendelea kulima shamba la watu.