Kiwanja cha Mama Kule Hispania

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokuwa na miaka thelathini na mbili, kifua mbele kama jogoo wa peke yake mtaani. Nilifika Toronto na darasa la saba na nyundo. Haukupita muda, mapaa ya mtaa wetu wa Malvern yakanijua kwa jina. Muulize fundi yeyote. Niliishi na mama, na baridi ya huku ilimla magoti. Nikamwapia, "Mama, nitakujengea nyumba kwenye jua."

Basi arusini kule Vaughan, mji jirani, akaja bwana mmoja, Kiswahili kitamu kama halua, anauza viwanja Hispania, pwani ya Mediterania, misonobari hadi ukingoni mwa maji. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mimi, ninayemshuku hata anayenisalimia mara mbili, huyo nilimwamini. Kisa? Alipiga goti kumwamkia mama.

Nikanunua, nikapanda ndege. Kwetu ukinunua kiwanja unakifyeka kwanza, kila apitaye ajue kina mwenyewe. Njiani palikuwa na bango la Kihispania, nisiojua hata neno; nikajiambia limewekwa kutisha wageni. Nikafyeka tangu asubuhi, jasho linanitoka, raha mustarehe.

Akatokea askari wa hifadhi, mwanamke wa makamo, akanisemesha kwa Kiingereza.

"Bwana, unakata nini?"

"Changu. Hati ninayo."

"Hati ni yako, lakini pote hapa panalindwa kisheria. Tembea, fuga nyuki, kaa kivulini. Kujenga huruhusiwi, ukuta huruhusiwi, hata hicho kichaka usikiguse."

Nikajua huyu anataka chai. Nikachomoa noti. Aliitazama kama nimemtolea mjusi.

"Nakuonya, nawe unanitukana?"

Nilipelekwa kwa hakimu. Nikaamriwa nipande upya vyote nilivyokata, na nyumba nisahau. Yule bwana wa arusini hakughushi kitu, mwanangu. Alinyamaza tu palipotakiwa maneno.

Nikarudi. Mama alikuwa ameegemea kipasha joto.

"Nyumba yangu imefika wapi, Rashidi?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Anayekukataza unamwita mwizi, anayekuchekea unamwita ndugu. Shuku yako ina chongo, baba."

Mama alifia huku huku, blanketi magotini. Hilo silisemi mbele za watu.

Sasa nasikia wauza viwanja wameanza tena kupita kwenye sherehe zetu, na picha za bahari kwenye simu. Mwanangu, shuku, lakini shuku utamu kwanza. Usiulize ardhi ni ya nani tu. Uliza pamekatazwa nini, na umuulize asiye na cha kukuuzia. Ukiona bango usilolielewa, tafuta wa kukusomea. Mimi ninayejua kujenga kuliko wasomi wote wa mji wa Markham, bango moja lilinishinda. Na sheria inayolinda miti usidhani imekutegea wewe. Ile misonobari, nakiri shingo upande, ni mizuri.

Mungu akujalie ardhi unayoruhusiwa kuishi juu yake, na mzazi wako aingie ndani angali anatembea. Amina.