Miji Minne Ndani ya Kirikuu

Tulirudi Kisarawe kwenda kubembeleza. Wiki moja kabla, Bi Mwanahawa alikuwa amekataa kutuuzia kiwanja chake, na kosa lilikuwa la mdomo wangu. Kazi yangu ya kutengeneza majokofu ya chanjo imenifikisha mikoa mingi, basi alipotukaribisha chai nikamwaga sifa: Tanga ningehamia hata kesho, Iringa kuna baridi tamu, Morogoro ina milima yake, Bukoba ndiyo usiseme. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe baba bado uko safarini," akasema. "Niliyemuuzia hapo jirani alikuwa hivyohivyo. Hajarudi, na pori lake linafuga nguruwe wanaomaliza mihogo yangu."

Rehema, mke wangu, hakunisemesha mpaka tukafika kwetu Kibaha. Tumekuwa wapangaji miaka kumi na moja.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mtaani kwetu Tangini, tulipakia kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo tulichokodi, ndoo na madebe yote ya uani. Kila mji nilioupenda nilirudi na mche wake, lakini mwenye nyumba wetu haruhusu kuchimba. Mchungwa wa Tanga ulikuwa umeshapasua ndoo kwa mizizi na majani yake yalikuwa ya njano. Rehema aliupakata.

Maili Moja tulisimama kununua vitumbua. Muuzaji akauliza kama tunahama.

"Tukikubaliwa," Rehema akamjibu, akanitupia jicho.

Kiluvya tuliiacha barabara kuu. Vikaja vilima na mikorosho, hewa ikapoa. Nilitaka kusema panafanana na Iringa, nikajizuia.

Saa tatu tulifika. Bi Mwanahawa alikuwa barazani anamenya mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmeniletea nini tena?"

Nilishusha ndoo mojamoja. Mchungwa wa Tanga, mparachichi wa Iringa, mdalasini wa Morogoro, mbuni wa kahawa wa Bukoba.

"Ile miji niliyokutajia ndiyo hii, bibi. Sina pa kuipanda."

Aliinama, akaishika mizizi ya mchungwa iliyotokeza kwenye ufa wa ndoo.

"Mti unateseka, na wewe ulikaa hapa unanisimulia baridi," akasema. Akaingia ndani, akatoka na jembe. "Uanze huu. Chimba pale, mbali na mpaka, kivuli kisije kwenye mihogo yangu."

"Ndiyo umekubali, bibi?" Rehema akauliza.

"Kwani mimi huwa nachimbisha wageni?"

Rehema alipiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. Nilichimba mashimo manne mpaka viganja vikatoka malengelenge, na sikumbuki siku nyingine niliyofurahi namna ile.

Jioni tulirudi na kirikuu kisicho na mti hata mmoja, madebe matupu yakigongana nyuma. Nilikuwa nimejifunza kwamba ni rahisi kuupenda mji ukiwa na tiketi ya kurudi mfukoni.

Getini Tangini, mwenye nyumba akatuuliza miti imekwenda wapi.

"Imetangulia nyumbani," Rehema akamjibu.