Hewa Inayotafuta Sakafu

Dalmas Were alikuwa fundi wa friji, na pua ndiyo iliyokuwa chombo chake cha kwanza. Akiingia jikoni kwa mtu alisimama kidogo, akanusa. Harufu kama ya njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi ilimwambia kwamba friji ni zile za kabla ya vita vya pili vya dunia, zinazopoza kwa gesi ya salfa. Wenye vitabu huiita dioksidi ya salfa. Salfa, ule unga wa manjano, ikichomwa, hewa inayotoka ndiyo hiyo. Ukiibana kwa nguvu ndani ya mfereji, lile bomba jembamba la friji, inageuka maji, na maji hayo yakirudi kuwa hewa yanaondoka na joto la friji. Kazi safi, ilimradi mfereji usitoboke.

Asubuhi moja ya mwaka wa 1964 alitoka Riruta kwa baiskeli kwenda nyumba moja ya Kitisuru, ambako friji ilikuwa imejaa barafu. Harufu ilimpokea uani. Mpishi, Ephantus Macharia, alikuwa ameinama penye bomba la bustani, anakohoa, machozi yanamtiririka. Alikuwa amechoka kungoja fundi, akaanza kubandua barafu kwa kisu cha nyama. Kisu kikateleza, kikatoboa mfereji, akausikia ukifyonya.

"Nani yuko ndani?" Dalmas akauliza.

"Philister, yaya. Alikuwa ameshuka stoo."

Stoo ilikuwa ngazi nne chini ya jikoni, mlango wake ubavuni mwa friji. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, humwagika kama maji, na sasa ilikuwa inateremka ngazi zile zile. Akakimbia nyuma ya nyumba, kwenye kidirisha cha nondo, akaita.

"Niko," sauti ikajibu kutoka chini kabisa. "Nimelala sakafuni, fundi. Moshi isinishike."

Hapo Dalmas akaogopa kweli. Yeye na Philister walilelewa kwenye majiko ya kuni, ambako moshi ukizidi mtu hukaa chini nao ukapita juu ya kichwa. Philister alikuwa anafanya vile mama yake alivyomfundisha.

"Dada, simama. Panda magunia uje hapa dirishani."

"Nikisimama nitakufa."

"Hapo chini ndio utakufa. Hii si moshi ya kuni. Hii inatafuta sakafu."

Philister alikohoa, kisha hata kikohozi kikanyamaza. Dalmas akamwita tena, safari hii kwa Kijaluo, kwani lafudhi yake ilikuwa ya kwao, pole pole, kama mtu anayemwamsha dadake. Halafu gunia likaporomoka, kitu kikakwaruza ukuta, na vidole vinne vikashika nondo.

"Usiachilie," akamwambia. "Pumua."

Akamtuma Ephantus chumbani kwake alete magadi. Ephantus alimtazama kama mwendawazimu; magadi ni ya kulainisha maharagwe. Lakini gesi hiyo ikikutana na maji ya machoni na kifuani inakuwa asidi, na magadi huua makali yake. Dalmas akaloweka matambara mawili kwenye maji ya magadi, akajifunga moja puani na mdomoni, akafumba macho, akaingia akipapasa ukuta. Alihesabu ngazi nne. Alipompata, alimfunga tambara la pili, akamvuta juu.

Walipomlaza kwenye nyasi, Ephantus alichungulia jikoni akarudi akionyesha kidole ndani. Maua mekundu ya memsahib, bibi mzungu mwenye nyumba, yaliyokuwa mezani bado yana maji ya bustani, yalikuwa yamepauka. Dalmas akamweleza kwamba hata kofia za ukindu hufanywa nyeupe kwa gesi hiyo hiyo.

Philister alifungua jicho moja. "Fundi, moshi ya kwetu inapanda," akasema kwa sauti iliyokwaruzika. "Hii ya wazungu ilisomea wapi kushuka?"

Ephantus akacheka. Dalmas hakuweza. Philister alitaka kuinuka, watoto wa memsahib wangerudi saa sita. Dalmas akamwambia kifua kilichoonja gesi hiyo kinaweza kujifunga baada ya saa kadhaa, mtu akidhani amepona. Akafungua mfuko wa vyombo kutoka kwenye keria ya baiskeli, akauacha pale nyasini, akampakia Philister badala yake.

"Na friji?" Ephantus akauliza.

"Fungua madirisha yote kwa nje, ungoje gesi iishe," akasema, akaanza kusukuma baiskeli kuelekea hospitali.