Kipandio cha Mpira

Tulimwita Paka, kwa sababu miaka yote aliyofunga maturubai juu ya malori hakuwahi kuanguka. Jina likamponza. Msimu uliopita wa mvua kipandio cha ngazi ya trela kilikatika, akaja chini kwa mgongo, nyonga ikavunjika. Sisi wapakiaji tulicheka kwanza, tukidhani anatania.

Alirudi kazini akichechemea, na hofu ameificha. Alijitafutia kazi za chini: kukunja kamba, kunyoosha ndoano. Lakini siku ile wingu lilitanda, trela limejaa saruji, na bosi akafoka, "Paka, panda! Mvua haikungoji wewe!"

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hapa hapakuwa na unyasi, alikuwepo nyoka yuleyule. Kipandio kilichomwangusha kilikuwa kimerudishwa mahali pake na kufungwa kwa mpira wa tairi. Kila tulipomtaka fundi wa kuchomelea, bosi alisema tusubiri.

Alipanda. Turubai alilifunga vizuri, mikono ilikuwa haijasahau. Kushuka ndiko kulikomshinda. Alilala kifudifudi juu ya mifuko, kamba ameing'ang'ania, mvua ikaanza.

"Siwezi," alisema. "Jamani, siwezi."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Dereva wa lori lile alikuwa mkwewe, mume wa binti yake, kijana ambaye kwa heshima hata macho hakumkazia. Alipanda hadi katikati, akaishika miguu ya baba mkwe, akaishusha mmoja mmoja.

"Wa kushoto, baba. Hapo. Ruka hicho cha mpira."

"Usiniachie, mwanangu."

"Sikuachii."

Paka akakanyaga ardhi. Bosi akaamuru lori liondoke. Mkwe akafungua mlango.

"Huko uendako," Paka akauliza, "nani atapanda kufungua turubai?"

"Mimi, baba."

"Na nani atakushika miguu?"

Paka akatoa kisu chake cha kamba, akaukata ule mpira. Kipandio kikaangukia matopeni. Kisha akaenda kuketi mbele ya gurudumu.

"Umefukuzwa kazi!" bosi akapiga kelele.

"Sawa, bosi. Lakini binti yangu hafiwi na mume kwa sababu ya kipande cha mpira." Meno yalimgongana. "Mwite fundi."

Tulikwenda kuketi naye.