Sikumpigia Shemeji Taa

Admin, nifichie jina, na gari ninaloendesha usilitaje, maana Karatu ni ndogo na madereva wote tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka 43, nina mke na watoto wawili. Naendesha watalii. Sina kampuni, nina gari langu moja na ni deiwaka tu: dereva mwenzangu akizidiwa na kazi au akiumwa ananipigia simu, naingia kreta kuwaonyesha wageni wanyama siku mbili tatu, narudi nyumbani. Riziki yangu iko mikononi mwa wenzangu, naomba mlielewe hilo kwanza.

Kwa wasioendesha gari niwaeleze. Barabara hii ya Arusha, ukiwa umewapita trafiki halafu ukakutana na gari linaloelekea kule walipo, unalipigia taa mara mbili. Dereva anajua. Anapunguza mwendo, anafunga mkanda, na kama amejaza anashusha abiria wa ziada, wanawapita trafiki kwa bodaboda, halafu anawapakia tena mbele. Hakuna aliyetufundisha. Kwetu ni kama salamu, na asiyepiga taa anaonekana ana roho mbaya, basi.

Krismasi ya mwaka jana mdogo wangu alikuwa anakuja nyumbani kula sikukuu. Alipanda Noah iliyojaza watu mpaka kwenye buti, ikashindwa kona za ule mlima wa Mto wa Mbu. Tulimzika kabla ya mwaka mpya. Pale msibani nikamsikia mtu anasimulia, tena kwa kusifu, kwamba yule dereva alikuwa mjanja sana, siku ile hakuna trafiki aliyemsimamisha, wenzake walimpigia taa njia nzima. Nilikuwa na sahani ya chakula mkononi, nikaiweka chini. Tangu siku hiyo sijampigia mtu taa.

Hakuna aliyegundua mpaka Pasaka ya mwaka huu. Nilikuwa nawapeleka wageni Arusha, nikawapita trafiki, mbele kidogo nikakutana na Noah ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Yeye anapakia abiria Arusha kuja Karatu. Amejaza kama kawaida ya sikukuu, na yeye mwenyewe anacheka na abiria. Akanipungia mkono. Na mimi nikampungia. Taa sikugusa.

Alikamatwa. Mnadhani kuna kilichotokea? Jioni narudi Karatu namkuta stendi anapakia tena, anasema ameongea nao vizuri yakaisha. Buti lilelile, watu wanabebana vilevile. Yaani nilimwacha akamatwe na bado hakukamatika. Ila maneno yalikuwa yameshanitangulia mjini, kwamba shemeji mzima kamwona ndugu yake anakwenda kukamatwa, akampungia mkono tu akapita.

Toka hapo simu imekuwa kimya. Kwenye grupu la madereva walianza kuniita Afande, baadaye wakanitoa kabisa. Msimu wa wageni umekuja umepita, wenzangu wanaingia kreta, mimi naosha gari lisilokwenda popote. Mke wangu hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Ananitengea chakula halafu anakwenda kukaa nje.

Mwezi uliopita wakwe zangu wakatuita nyumbani kwao Endabash, mimi na mke wangu, na shemeji naye akiwepo. Nikawaeleza habari ya mdogo wangu yote, wakanisikiliza vizuri. Baba mkwe ni mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Akaniambia, "Mwanangu, pole tulishakupa na tunakupa tena. Lakini huyu hakumuua mdogo wako. Huyu ni wa kwako, na ulimwona ukamwacha aende."



Wakaamua yaishe. Ili kuonyesha hatuna kinyongo, watoto wangu wanaosoma bweni Arusha wakifunga shule mjomba wao ndiye akawachukue, awalete Endabash moja kwa moja, na sikukuu tule wote pale. Mama mkwe akamshukuru Mungu. Mke wangu akanishika mkono mbele ya wazazi wake, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu Pasaka. Nikaitikia. Ningesema nini mbele ya wakwe?

Shule inafunga wiki ijayo. Shemeji amenipigia mwenyewe, kwa heshima kabisa. Akasema, "Shem, ondoa wasiwasi. Wajomba zangu watakaa mbele hapa na mimi, kiti kimoja kinawatosha." Kiti kimoja, watoto wawili, mkanda mmoja, na nyuma kutakuwa kumejaa. Kwake huo ni upendo, na najua hanidanganyi.

Nilijaribu na njia ya sheria. Nilimfuata askari mmoja wa barabarani nikamtajia gari na siku. Akaniuliza huyo dereva ni nani yako. Nikasema shemeji. Akatabasamu, akaniambia mambo ya familia kama haya ni vizuri tukae tukayamalize nyumbani.

Ndugu zangu, nimechoka. Nikienda kuwachukua watoto mwenyewe, nimemkataa shemeji mbele ya ukoo mzima, na mke wangu sijui kama atabaki. Nikinyamaza, wanangu watapandishwa ule mlima uliomchukua baba yao mdogo, na kila dereva atakayekutana nao atawapigia taa ili wasisimamishwe. Jana mke wangu kaniuliza taratibu, kama siku hiyo nitapata safari na nikakutana nao njiani, nitawapigia au nitawapungia mkono?

Ninyi wenye watoto, mngekuwa mimi mngefanyaje? Niwaache wapande, au nikawachukue na liwalo na liwe? Nishaurini, lakini tafadhali msiniambie niende polisi. Huko nimeshatoka.